Uyoga ukichipua kwenye tuta la mboga

Mvua za masika zikishika hapa Moshi, wengi wenye bustani nyuma ya nyumba huamka na kukuta uyoga katikati ya mnafu au sukuma wiki, na wazo la kwanza huwa ni kukimbilia duka la pembejeo kununua dawa. Tafadhali usinunue. Uyoga huo hauli mboga yako. Unakula vilivyokufa: samadi isiyoiva, vipande vya mgomba, mizizi ya mti uliokatwa, na hasa maranda ya banda la kuku. Kazi yake ni kuvunjavunja hayo yawe mboji.

Ila maranda yatazame vizuri. Ukiyachanganya na udongo yakiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni, yaani kirutubisho ambacho mboga inakihitaji, na mboga huanza kugeuka njano kuanzia majani ya chini. Hapo watu husingizia uyoga bure! Ongeza samadi iliyoiva, na maranda mapya yaache juu ya udongo tu kama matandazo.

Kama una watoto wadogo, ng'oa uyoga kila asubuhi kabla kofia haijafunguka, mkono ukiwa ndani ya mfuko. Utarudi, vumilia, kwa kuwa nyuzi zake ziko chini ardhini.

Na usiupike kwa kuwa tu unafanana na ule wa sokoni. Kuna uyoga ambao sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa, na kutapika huanza saa 6 au zaidi baada ya kula, wakati ini limeshaanza kudhurika. Aliyekula asisubiri dalili, apelekwe hospitali mara moja na mabaki ya uyoga huo.