Somo: Anza na Kile Ulimwengu Wako Unachokataza

Karibuni, waandishi wenzangu. Leo tunashika riwaya za fantasia na za sayansi bunilizi, na hasa mahali ambapo ujenzi wa ulimwengu unakutana na msuko, yaani mpangilio wa matukio ya hadithi. Hapo ndipo rasimu nyingi hufia. Kurasa za mwanzo zina ramani, nasaba ya wafalme, majina ya mizimu na vyombo vya angani vya kila namna, kisha mhusika mkuu anaamka asubuhi na hana la kufanya.

Ninaamini tatizo linaanza na swali tunalojiuliza. Tunauliza: katika ulimwengu huu watu wanaweza nini? Wanaruka, wanasoma mawazo, wanaishi miaka mia tano. Mimi nawaomba muulize kinyume chake: ulimwengu huu unamkatalia mtu nini? Msuko huzaliwa pale mtu anapotaka jambo kwa moyo wote na mazingira yake yanamwambia hapana.

Hatua ya 1: Badilisha jambo moja

Moja tu. Ukibadilisha kumi kwa pamoja, hutaweza kufuatilia matokeo ya hata mojawapo, na msomaji naye ataacha kushangaa, kwa sababu pasipo la kawaida hakuna la ajabu. Chukua dunia unayoijua, ondoa au ongeza kitu kimoja, kisha nenda hatua ya pili ukiwa na kalamu mkononi.

Hatua ya 2: Fuata matokeo mpaka uingie jikoni

Hatua hii nitakaa nayo, kwa sababu ndiyo yenye mali.

Tuseme jambo lako moja ni mwezi wa pili angani. Waandishi wengi wataishia kusema usiku ulikuwa mzuri. Twende mbele zaidi. Mtu wa pwani anajua kwamba mwezi ndio unaoendesha maji. Unapoandama na unapopevuka, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, tunapata bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Katika mvuto huo, jua huchangia karibu nusu ya nguvu ya mwezi.

Sasa weka mwezi mdogo kwenye nusu ya umbali wa huu wetu, wenye uzito wa sehemu moja ya kumi na sita ya uzito wake. Nguvu ya kuvuta maji hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka: ukiukata umbali kwa nusu, nguvu hiyo inakuwa mara nane. Kwa hiyo mwezi wako mdogo utavuta maji kwa nusu ya nguvu ya ule mkubwa, na utaizunguka dunia kwa takriban siku 10. Siku ambayo jua, mkubwa na mdogo wamesimama mstari mmoja, zile mita 4 zinapita 5.

Fuata matokeo. Nani anajenga karibu na ufuo? Visima vya mtaa wa chini vinaingia chumvi mara ngapi kwa mwaka? Mikoko inaota wapi, na kama imehamia mbali, boriti zinatoka wapi? Hili la boriti si dogo. Katika nyumba za mawe za pwani yetu, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Mikoko ikibadilika, vyumba vinabadilika, na pengine hata idadi ya watu wanaolala chumba kimoja. Akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani huenda shambani maji yanapotoka sana, kwa hiyo ratiba yao ya kazi, ya kupika na ya kunyonyesha inafuata bamvua. Katika ulimwengu wako ratiba hiyo itakuwaje? Nani anaijua hesabu ya miezi miwili, na anatoza shilingi ngapi kuitoa?

Hapo umepata tabaka la watu: wajuzi wa hesabu ya maji. Umepata siri, na umepata mtu anayeweza kudanganya tarehe ili mtaa mzima uzame. Huo tayari ni mgogoro, na hatujagusa ufalme wala upanga.

Hatua ya 3: Ipe dunia yako kalenda inayouma

Taharuki inahitaji muda unaokwisha, na muda unaokwisha kwa sababu ya maumbile una nguvu kuliko ule unaokwisha kwa sababu mtu mbaya kasema "mpaka kesho saa sita".

Historia yetu imejaa mfano huu. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, takriban Desemba hadi Machi, yakarudi na kusi, upepo wa kutoka kusini. Nahodha aliyechelewa alisubiri. Kilwa ilineemeka kwa sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba ilikuwa karibu na mwisho wa safari inayowezekana kwa msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, kusini zaidi katika Msumbiji ya leo, ilihitaji mtu wa kati. Tazama jinsi upepo unavyozaa mji, mji ukazaa matajiri, matajiri wakazaa wivu.

Anayeandika kuhusu sayari ya Mars ana kusi na kaskazi yake pia. Nafasi nzuri ya kurusha chombo kutoka duniani kwenda huko hurudi kila baada ya miezi 26 hivi, na safari yenyewe huchukua miezi saba hivi. Ujumbe wa redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari zilipo. Basi usimwandikie mhusika wa Mars simu ya machozi na mama yake aliye Dodoma wakijibizana papo kwa papo. Mwandikie binti anayetuma sauti, anakwenda kufua, anarudi kusikiliza jibu la swali ambalo keshabadili mawazo nalo. Kwangu mimi katazo hilo lina uchungu kuliko machozi yoyote ya simuni.

Hatua ya 4: Nguvu iwe na mpaka, na mpaka uonekane mapema

Hapa mwalimu wetu yuko nyumbani. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, hapigiki kwa silaha, ila sindano ya shaba kitovuni. Angalia kazi inayofanywa na mpaka huo mmoja. Adui hawezi kumshinda kwa jeshi, hivyo inambidi atafute mtu wa ndani. Anampata mwanawe mwenyewe, kwa ahadi za cheo na ndoa. Msiba mzima umetoka kwenye kanuni ya uganga, kwa sababu kanuni hiyo inalazimisha usaliti utoke kwa mtu wa karibu.

Tazama pia mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, Liyongo alipokuwa kifungoni. Walinzi wanakula vyakula vizuri anavyoletewa mfungwa, kwa hiyo ukija mkate wa wishwa watamwachia, na ndani yake mna tupa, kile chuma cha kukerezea pingu. Ngoma ya gungu inapiga, sauti ya tupa haisikiki, pingu zinakatika. Hakuna muujiza hata mmoja hapo. Kila kitu kilichomwokoa tulikuwa tumekwisha kukiona. Basi nguvu itakayomwokoa mhusika wako sura ya 30, nataka niione sura ya 5 ikifanya kazi nyingine kabisa.

Hatua ya 5: Panga kwa kurudi nyuma

Andika tukio la mwisho kwa sentensi mbili. Kisha jiulize: ni kanuni gani ya ulimwengu imelifanya liwe gumu hivyo? Rudi nyuma, uipande kanuni hiyo mara tatu kabla ya mwisho: mara ya kwanza kama jambo la kawaida, ya pili ikimdhuru mtu mdogo, ya tatu ikimgusa mhusika mkuu. Kama kanuni fulani haimdhuru wala kumsaidia mtu popote, ibaki daftarini.

Hatua ya 6: Maelezo yapite mikononi mwa watu

Linganisha vipande hivi viwili. Cha kwanza:

"Mji ule ulikuwa na miezi miwili, mkubwa na mdogo, ambayo ilipokutana ilisababisha maji ya bahari kupanda sana na kufurika mitaa ya chini."

Cha pili:

"Bibi alipandisha gunia la mchele darini, kisha kuku, kisha mjukuu. 'Leo mdogo anapita mbele ya mkubwa,' alisema. 'Asilale mtu chini.'"

Habari ni ileile. Cha pili kina bibi, na tunataka kujua kama kuku watapona.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Nina madaftari ya ulimwengu wangu, lugha yao, sarafu zao, hata nyimbo. Sura ya kwanza bado. Niache kujenga lini?

Marahaba. Acha leo. Ukishajua mhusika wako anakula nini, anamwogopa nani, na nini kitampata asipofika kwa wakati, una vya kutosha. Yaliyobaki utayajenga njiani, kila tukio likiyahitaji. Tenga ukurasa mmoja wa kanuni tu, na kila unapotunga kanuni mpya iandike hapo na namba ya sura, usije ukajipinga mwenyewe baadaye. Sarafu na nyimbo usizitupe. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, na sarafu iliyookotwa mbali na kwao inaweza kufungua riwaya nzima.

Mwanachama, Bujumbura: Mfano wa bamvua ni mzuri kwa watu wa bahari. Sisi tuko ziwani, maji yetu hayapandi hivyo. Mwezi wa pili utatufaa nini?

Umenifurahisha. Ninyi mnavua ndagala usiku kwa taa, na taa zinahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, wavuvi wengi hupumzika. Mwezi mdogo wa mfano wangu utapevuka kila baada ya siku 10 hivi, juu ya ule mkubwa. Hesabu usiku wa giza uliobaki. Bei ya ndagala sokoni itakuwaje? Nani atagombania usiku ule wa giza totoro wakati miezi yote miwili haipo? Ziwa lako limenipa njaa na ugomvi haraka kuliko bahari yangu.

Mwanachama, Dodoma: Mwalimu, roboti wangu ana hisia. Niandike "roboti amesema", "roboti imesema" au "roboti limesema"? Mhariri amenirudishia.

Usikubali kuchagua moja kwa kitabu kizima kabla hujafikiri. Kiswahili kimekupa chombo cha kujengea jamii bila kuongeza sentensi hata moja ya maelezo. Bwana mwenye kiwanda aseme "imeharibika". Mtoto aliyelelewa nayo aseme "ameumia". Askari anayeiogopa aseme "limeamka". Msomaji atajua nani yuko upande gani kabla vita havijaanza. Halafu weka tukio moja ambamo yule bwana, kwa hofu au kwa majuto, anateleza na kusema "amekufa". Mwandikie mhariri maelezo mafupi kwamba mabadiliko hayo ni ya makusudi na yanafuata msemaji. Msimulizi wako naye awe na upatanisho mmoja usioyumba.

Mwanachama, Tanga: Nataka kutumia majini, lakini nyumbani wananiambia si jambo la kuchezea. Pia naogopa wasomaji watasema nimekosea.

Watu wa nyumbani wasikilize, kwa sababu wanakueleza jambo la msingi kuhusu wasomaji wako. Kwa wengi wetu pwani, majini si fantasia. Msomaji anakuja tayari na imani yake, na hofu yake, kuhusu mahali wanapokaa na wanavyomwingia mtu. Ukibadilisha hayo ovyo, hataona ubunifu, ataona kwamba hujui. Una njia mbili za heshima. Ya kwanza, yaache yalivyo katika simulizi za kwenu na uweke ubunifu wako kwenye watu: nani anawaita, kwa shida gani, analipa nini. Ya pili, buni viumbe wako kabisa, wenye jina lao na kanuni zao, usiwaite majini. Mimi ningependelea ya pili kwa kitabu cha kwanza, ili uandike bila kuangalia nyuma.

Mwanachama, Malindi: Roketi kurushwa kutoka pwani yetu, wasomaji wataamini kweli?

Wewe wa Malindi waambie imeshatokea. Kwenye jukwaa la San Marco, majini kabisa kwenye ghuba ya Ungwana kaskazini mwa mji wenu, Waitaliano walirusha roketi kwa miaka. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kilirushwa hapo chombo cha Marekani cha kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, kikapewa jina Uhuru. Na sababu ya kisayansi ipo: karibu na ikweta uso wa dunia unakimbia kuelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, roketi inapata msukumo wa bure, na mashariki yenu ni bahari tupu ambako vipande vinaweza kuanguka. Swali la riwaya lianzie hapo. Siku ya kurusha, nani anakatazwa kuvua, na nani anamlipa?

Mwanachama, Mbeya: Nimekwama sura ya 12. Mhusika ana nguvu zote anazohitaji, adui yuko mbali, hakuna kinachosogea.

Fungua ule ukurasa wa kanuni. Tafuta kanuni ambayo mpaka sasa imekuwa ikimsaidia mhusika wako, na sura ya 12 imgeuke. Kama anaponya kwa kugusa, mlete mgonjwa ambaye akiponywa atatoa siri, au wagonjwa wawili na nguvu ya mmoja. Usimlete adui mpya, wala nguvu mpya. Andika tukio hilo kwanza, hata kama hujui litaunganaje na sura ya 13, kisha rudi sura ya 4 uonyeshe kanuni hiyo ikifanya jambo dogo la kila siku. Nitumie sura zote mbili, nizisome pamoja.