Jinsi ya Kuchagua Pedali ya Ovadraivu ya Gitaa la Besi

Mpiga besi anayetafuta ovadraivu yake ya kwanza, yaani pedali ya kukanyaga inayoipa sauti mkwaruzo, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni pedali ipi yenye mkwaruzo mtamu zaidi. Kwa mpiga solo swali hilo linatosha. Kwa mpiga besi linatanguliwa na lingine: pedali ikishakanyagwa, noti ya chini kabisa inabaki na uzito wake, au inatoweka na kuiacha bendi bila msingi? Hatua zifuatazo nimezipanga baada ya kumsaidia mwenzangu kuchagua pedali yake, na karibu zote zinarudi kwenye swali hilo la pili. Ninachukulia kwamba besi yako haina hitilafu ya umeme na kwamba unajua kuunganisha kebo.

Hatua ya 1: Amua unataka mkwaruzo wa kiasi gani

Ovadraivu huiga amplifaya ya vali iliyofikishwa ukingoni mwa uwezo wake: ukigusa uzi kwa upole sauti hutoka safi, ukiupiga kwa nguvu huanza kukwaruza. Distoshen hukata vilele vya mawimbi kwa ukali zaidi na haijali sana nguvu ya kidole, ilhali fazi huvikata mpaka wimbi likaribie umbo la mraba. Ikiwa unachowazia ni sauti nene ya amplifaya kubwa za vali, kama Ampeg SVT ya wati 300 iliyotoka mwaka 1969, basi unachotafuta ni ovadraivu, na hizo nyingine mbili unaweza kuziweka kando.

Hatua ya 2: Chunguza pedali inazifanyia nini frikwensi za chini

Uzi wa E wa besi, usipobanwa popote, hutoa noti ya hezi 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde), na uzi wa B wa besi ya nyuzi tano hushuka hadi hezi 31 hivi. Sasa chukua pedali maarufu ya gitaa la solo, Tube Screamer ya Ibanez. Katika sehemu yake ya kukata mawimbi, vipande viwili vidogo vya sakiti, rizista moja na kapasita moja, huifanya gaini (kiwango cha kukuza sauti) ianze kupungua chini ya hezi 720 hivi, yaani zaidi ya oktava nne juu ya E yako (kila oktava huzidisha hezi mara mbili). Noti ya chini haifutwi. Hupita karibu bila kukuzwa, huku frikwensi za kati zikikuzwa mara nyingi. Ukishusha sauti ya pedali ili ilingane na ile uliyokuwa nayo kabla ya kukanyaga, chini kunabaki kwembamba. Kwenye gitaa la solo hiyo si kasoro hata kidogo, kwa sababu ndiyo inayoufanya mkwaruzo ubane na usivurugane na besi.

Usikimbilie kudhani kwamba dawa ni pedali inayopitisha frikwensi zote sawasawa mpaka kwenye diodi, vipande vinavyokata mawimbi. Noti ya chini ndiyo yenye nguvu kubwa kuliko zote, kwa hiyo yenyewe ndiyo itakayoamua wimbi likatwe wapi, na kila kilicho juu yake kitapasuka kwa kuifuata. Matokeo yake ni sauti ya matope, ambayo noti mbili za haraka haziwezi kutofautishwa. Pedali nzuri ya besi hukwaruza zaidi frikwensi za kati na kuiacha chini ipite ikiwa safi au ikiwa imeguswa kidogo. Darkglass B3K, kwa mfano, ina swichi iitwayo Grunt, ambayo kazi yake ni kuchagua kiasi cha frikwensi za chini kinachoingia kwenye mkwaruzo. Ukiona swichi au nobu ya namna hiyo, mtengenezaji amemfikiria mpiga besi.

Hatua ya 3: Dai nobu ya kuchanganya sauti safi, kisha ijaribu kwa makini

Hapa sina unyumbufu: simshauri mtu anunue ovadraivu ya besi isiyo na nobu ya kuchanganya sauti safi na sauti iliyokwaruzwa. Kwenye Boss ODB-3 nobu hiyo imeandikwa Balance, na kwenye Darkglass B3K na SansAmp Bass Driver ya Tech 21 imeandikwa Blend. Ukiwa nayo, njia safi hubeba uzito na njia ya mkwaruzo huongeza meno, na unaweza kuweka draivu (kiasi cha mkwaruzo) nyingi kuliko ambavyo ungethubutu bila hiyo.

Shida huja kwa mwenye pedali anayoipenda isiyo na nobu hiyo, ambaye huamua kuichanganya na sauti safi kwa kutumia pedali nyingine ya kugawa na kuunganisha njia mbili. Kila kitu kimeunganishwa sawa, taa zinawaka, kila njia ikisikilizwa peke yake ni nene, lakini zikiunganishwa besi inakuwa kama imetobolewa. Watu hubadilisha kebo, hubadilisha umeme, hata hubadilisha pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi kwenye besi), na muda wote huo chanzo ni kugeuka kwa wimbi.

Sakiti nyingi hupindua wimbi juu chini kila linapopita hatua fulani ya kukuza. Idadi ya mipinduo ikiwa shufwa, wimbi hutoka kama lilivyoingia. Ikiwa witiri, hutoka limegeuzwa. Sikio haliwezi kulitambua hilo njia ikiwa moja. Zikiwa mbili, njia moja inapanda wakati nyingine inashuka, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu kutoka upande wake, na kinachopotea kwanza ni frikwensi za chini, kwa kuwa ndizo zinazofanana zaidi katika njia zote mbili.

Jaribio lake ni hili. Weka draivu chini kabisa na toni katikati. Sikiliza kila njia peke yake na uzilinganishe ziwe na sauti sawa. Kisha piga uzi wa E bila kuubana, kwa kidole gumba, taratibu na kwa kurudia, huku mkono mwingine (au wa mwenzako) ukizungusha nobu ya kuchanganya kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kama uzito upo kwenye miisho yote miwili lakini unapungua katikati, wimbi la njia moja limegeuzwa. Tafuta kichanganyaji chenye swichi ya kugeuza wimbi, ibonyeze, na chini itarudi.

Kuna tahadhari kadhaa. Kwanza, usifanye jaribio hili draivu ikiwa juu, kwa sababu mawimbi yaliyokatwa sana hayafanani tena na yale safi, hivyo hayafutani yote na utadhani mambo ni shwari. Pili, usilifanye kwa spika ndogo. Spika ndogo haiwezi kutoa hezi 41, na sikio hulijaza pengo hilo lenyewe kutokana na harmoniki za juu (mitetemo ya juu inayoandamana na noti), kwa hiyo utaridhika na kitu ambacho hakipo. Tumia spika ya besi au hedifoni nzuri. Tatu, vichujio vya ndani ya pedali huyachelewesha mawimbi kwa viwango tofauti katika frikwensi tofauti, kwa hiyo swichi inaweza kuponya sehemu tu ya tatizo. Chagua upande wenye uzito zaidi uendelee. Nne, pedali ya kidijitali huchelewesha sauti wakati wa kuigeuza kuwa tarakimu na kuirudisha. Ukiichanganya na sauti safi isiyochelewa, ucheleweshaji wa milisekunde 1 hutoboa shimo kwenye hezi 500, na wa milisekunde 2 hulitoboa kwenye hezi 250, na hakuna swichi ya kugeuza wimbi itakayoliziba. Kwa pedali za aina hiyo tumia nobu ya kuchanganya iliyo ndani yake yenyewe, kwa kuwa humo kwa kawaida sauti safi nayo hupita njia ile ile na kuchelewa sawasawa.

Hatua ya 4: Linganisha sauti kabla ya kutoa hukumu

Sikio hupenda chenye sauti kubwa zaidi. Rekebisha levo (nobu ya ukubwa wa sauti) mpaka sauti ya pedali ikiwa imewashwa iwe sawa na ikiwa imezimwa, ndipo ulinganishe. Wanaoruka hatua hii hununua levo wakidhani wamenunua toni.

Hatua ya 5: Ijaribu pamoja na dramu

Toni inayopendeza ukiwa peke yako chumbani huwa na mkwaruzo mwingi mno na frikwensi za kati chache mno. Dramu na gitaa la rithimu zikiingia, mkwaruzo humezwa na unabaki na mngurumo usio na noti. Mimi huweka draivu pungufu ya ninavyotamani, na frikwensi za kati juu kidogo ya ninavyotamani. Angalia pia twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba za juu: kama spika yako ina twita, mkwaruzo wote wa juu utatokea humo ukisikika kama nyuki, hivyo ishushe au uizime kabla hujailaumu pedali. Ukiingiza besi moja kwa moja kwenye miksa bila spika, tatizo ni hilo hilo, na hapo unahitaji pedali yenye sakiti inayoiga spika.

Hatua ya 6: Umeme na nafasi ya pedali kwenye mnyororo wa pedali zako

Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Soma kilichoandikwa kando ya tundu, kisha hakikisha kisambazaji chako kinatoa miliampea zinazotosha. Kama unatumia betri, chomoa kebo ya kuingiza besi ukimaliza, maana kwa kawaida ndiyo inayoiwasha pedali. Kifaa cha kulinganishia nyuzi (tuna) na pedali ya oktava vitangulie ovadraivu, kwa kuwa vinahitaji noti safi ili viitambue, na pedali ya korasi ije baada yake. Kompresa, pedali inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, mimi huiweka mbele ikiwa na mkazo mdogo, kwa sababu ovadraivu yenyewe tayari inabana sauti, na mbano mkubwa ukitangulia utaondoa ule uhai wa kidole ulioufanya uchague ovadraivu badala ya fazi.