Kuzitunza Sarafu za Fedha za Kazakhstan Katika Vumbi la Dodoma

Sarafu za kumbukumbu za Benki Kuu ya Kazakhstan hutengenezwa katika kiwanda cha sarafu kilichoko Ust-Kamenogorsk, na baadhi yake huenzi ufundi wa jadi: ususi wa mazulia, kazi za masonara, na yurta, hema la wafugaji ambalo ujuzi wa kulijenga uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2014. Itazame sarafu ya namna hiyo ikiwa imeinamishwa kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Uwanja wake, yaani sehemu isiyo na nakshi, unang'aa kama kioo, ilhali nakshi ya pembe za kondoo dume imeinuka ikiwa na weupe uliofifia, na uzuri wote umo katika tofauti hiyo.

Vumbi letu la kiangazi ndilo adui wake mkubwa. Limejaa chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko madini ya fedha, kwa hiyo kuifuta sarafu kwa kitambaa, hata kiwe laini kiasi gani, ni kuichora mistari isiyofutika. Iache ndani ya kasha lake la plastiki ngumu. Ikilazimu kuitoa, funga madirisha kwanza, tandika taulo mezani ili ikikuponyoka isiumie, kisha ishike ukingoni tu, kwa glavu safi za pamba. Vumbi likiingia, lipulize kwa kipulizio cha mkono cha mafundi wa kamera, wala si kwa mdomo, kwa maana mate huacha madoa. Maji ya bomba ya hapa Dodoma yana chumvi, usiyatumie.

Weusi unaotokea polepole husababishwa na salfa. Basi usiihifadhi pamoja na mipira ya kufungia noti, kadibodi wala kitambaa cha sufu, na kamwe usiisugue kwa dawa ya meno au majivu. Mimi naona heri sarafu iliyopata rangi ya uzee kuliko iliyong'arishwa, na wakusanyaji wengi huiona hivyo pia.

Ukitaka kuhakikisha ni fedha halisi, linganisha uzito wake na ule ulioandikwa kwenye cheti, halafu ikaribishe sumaku, ambayo haipaswi kuinasa. Ukiipeleka kwa sonara, mwombe aipime kwa mizani tu. Asiisugue kwenye jiwe wala kuidondoshea asidi.