Somo: Kusaidia kaya zenye uhitaji Nyanda za Juu Kusini, kuanzia orodha hadi debe la mwisho

Kamwene wadau, na wa upande wa Mbeya, ugonile.

Kila mwaka ikifika Desemba simu huanza kuita. Kwaya fulani ina magunia ya mchele, wanachuo wamechangishana, mfanyabiashara ana katoni za sabuni, na wote wanataka kaya za kuwapa kabla ya Krismasi. Januari simu zinakaa kimya. Mtu anayeijua Kilolo, Wanging'ombe au Mbeya vijijini anajua kwamba Desemba wengi bado wana mahindi ya mwisho darini. Shida inaanza shule zikifunguliwa. Dari limebaki vumbi, mvua inapiga, mahindi mapya hayajafika hata ya kuchoma, watoto wanadaiwa madaftari na sare, na hapohapo shamba linataka palizi. Mzazi anaenda kulima kibarua kwa mwenye uwezo ili jioni arudi na chochote cha kupika. Shamba lake linaliwa na magugu, na mwaka unaofuata anaanzia palepale.

Ndiyo maana nasema msaada uende Januari hadi Machi, na uwe wa kumwezesha mtu kubaki shambani kwake. Mengine yote kwenye somo hili ni namna ya kulifanikisha hilo.

Na kwa asiyeamini kwamba mikoa inayolisha nchi ina njaa: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe, wakati wastani wa nchi ni 30. Mahindi yapo, ila yanauzwa, na mara nyingi yanauzwa mapema wakati bei iko chini. Mtoto anabaki na ugali na mboga za majani, mama yuko shambani tangu alfajiri.

HATUA YA 1: Mjulikane

Kabla ya kununua hata kilo moja, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na mwenyekiti wake. Kikundi kisajiliwe halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mkitaka kuwa shirika kamili, kuna Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na ofisi hiyohiyo itawaelekeza. Pigeni hodi pia kwa Afisa Ustawi wa Jamii, maana kesi za watoto wanaopigwa na wazee waliotelekezwa mtakutana nazo tu, na hizo hazimalizwi na kikundi cha kugawa unga.

HATUA YA 2: Orodha tatu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Orodha ya mtendaji peke yake haitoshi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa sababu anawajua wanaokuja ofisini. Aliyechoka kabisa haji ofisini. Kwa hiyo ombeni orodha tatu, kila moja itoke kwa mtu wake bila kuona ya mwenzake: moja kwa mtendaji na wenyeviti wa vitongoji, ya pili kwa walimu (wanajua nani anakuja bila kula na nani anasinzia saa nne), na ya tatu kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Jina lililotokea mara tatu au mbili, nendeni. Jina lililotajwa na mmoja tu msilifute. Hilo ndilo la kuchunguza zaidi: huenda ni shemeji wa mtu, huenda pia ni kaya iliyojificha kuliko zote. Wapo wanaofunga mlango wakaona bora kulala njaa kuliko jirani ajue.

Kuhusu huyo mhudumu wa afya, angalizo. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Utafiti wa 2022-23 ulionyesha Njombe asilimia 12.7. Yeye anajua mengi ambayo haruhusiwi kuyasema. Msimuulize nani anaumwa nini. Mwambieni, "Tutajie kaya zinazohitaji chakula," basi. Na msije mkaita orodha yenu "ya waathirika." Karatasi ikidondoka sokoni mmeshamvunjia mtu nyumba.

Halafu kuna hii kauli, "huyo yuko TASAF, hana shida." Mimi sikubaliani nayo. Ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini inasaidia, lakini kaya ya bibi na wajukuu watano haitoki Januari hadi Machi kwa hiyo peke yake. Ulizeni nani analipwa ili mjue mnaongezea nini, msiifanye sababu ya kumkata mtu.

HATUA YA 3: Fikeni nyumbani

Nendeni wawili, mmoja awe mwanamke, na mmoja ajue lugha ya pale: Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisafwa, Kinyakyusa. Mzee hatakueleza shida yake kwa Kiswahili cha ofisini. Mkikaribishwa kiazi, kuleni.

Msiulize "mna shida gani?" Kila mtu ana shida. Ulizeni: jana jioni mlipika nini? Mahindi yenu yaliisha mwezi gani? Wiki hii nani alienda kibarua, na kwa nani? Shamba lenu limepaliliwa? Majibu ya maswali hayo manne yanatosha kupanga kaya kwa uzito. Msidanganywe na bati pia. Nyumba nyingi za bati zilijengwa na mtu ambaye sasa ni marehemu, na mjane huwezi kumwambia ang'oe paa akauze.

Wenye nguvu na mashamba, ila walichelewa kulima kwa ulevi? Maamuzi ni yenu. Sisi tunaangalia watoto waliomo ndani.

HATUA YA 4: Toeni nini, kiasi gani

Mashirika makubwa ya misaada hupiga hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa vyakula vyetu, gramu 400 za unga, gramu 60 za maharage na mafuta kidogo zinakaribia hapo, ingawa hazifiki kamili. Kaya ya watu watano kwa mwezi inakuwa kilo 60 za unga, kilo 9 za maharage na lita kama nne za mafuta, pamoja na chumvi yenye madini joto. Kikundi kidogo hakiwezi hiyo kwa kaya nyingi. Kama fungu ni dogo, toeni nusu ya hesabu hiyo kwa miezi mitatu, msitoe yote mwezi mmoja mkapotea. Nusu inayokuja kila mwezi inamtoa mtu kwenye kibarua. Furushi la siku moja halimtoi.

Nunueni mahindi Julai au Agosti, wakati wa mavuno, mhifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa (ile isiyopitisha hewa). Februari yanapanda bei, nanyi mtakuwa mnashindana na walanguzi. Yapimwe kwa kilo kwenye mzani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, waachieni walanguzi. Yawe makavu kabisa: punje ikitafunwa ilie. Mahindi mabichi yaliyofungiwa yanaota ukungu na kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukoboa kidogo wala kwa kupika. Mchele ni zawadi nzuri ya sikukuu, lakini kwa bei yake mnapata mahindi mengi zaidi.

Maziwa ya kopo kwa vichanga, hapana. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya tu. Mlisheni mama yake. Kwa wa miezi sita kwenda juu, ongezeni karanga, dagaa, mayai kama yapo.

HATUA YA 5: Kugawa

Msigawe kwenye mkutano wa hadhara huku mgeni rasmi anahutubia. Pangeni siku mbili, saa tofauti kwa kila kitongoji, pahali penye kivuli, pasipo barabarani. Kila kaya isaini au iweke dole gumba mbele ya shahidi mmoja wa kijiji na mmoja wa kikundi. Wazee na wagonjwa wapelekewe kwa bodaboda, na nauli iwe kwenye bajeti tangu mwanzo, maana kilo thelathini kupandisha mlima wa Kilolo si mchezo.

HATUA YA 6: Kabla ya msimu ujao

Agosti hadi Oktoba rudini kwenye kaya zilezile. Mkulima amejisajili kijijini kwa ajili ya mbolea ya ruzuku? Ana mbegu? Kuna bima ya afya anayoweza kuingia, na nani wa kumsindikiza? Mama anaweza kuingia kikoba cha wenzake bila hisa za kumuumiza? Mkifanya hili vizuri, mwaka wa pili orodha inapungua yenyewe.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Uyole: Kaka, kwetu kiongozi wa mtaa alitaka nusu ya majina yawe anayoyachagua yeye, tena bila kutembelewa. Tukikataa anazuia. Tufanyeje?

Jibu: Msimkatalie mbele za watu. Mwambieni mfadhili ana utaratibu wake, kila jina lazima litembelewe, na yeye mwenyewe akaribishwe kwenye ziara. Majina ya ndugu huwa yanajiondoa hapo. Nakala ya orodha ya mwisho iende kwa Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Ustawi, mapema, kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hela ya "kuwezesha" msitoe.

Mdau, Tukuyu: Ndaga kwa somo, lakini huku Rungwe mvua haikatiki namna hiyo na ndizi zipo mwaka mzima. Hiyo Januari yenu si yetu.

Jibu: Kweli kabisa. Kalenda niliyoandika ni ya ukanda wa mahindi. Kwenu tumbo linaweza kuwa limejaa ndizi na mtoto akadumaa kwa kukosa protini, kwa hiyo fungu lenu liwe maharage, dagaa na maziwa zaidi ya unga. Na kwa kaya zisizo na shamba, zinazoishi kwa kuchuma chai, angalieni miezi ambayo majani yanapungua.

Mdau, Makete: Shikamoo. Kuna bibi ana wajukuu wanne. Mkubwa ni binti wa miaka 13, na ameshakuja mtu kumtafutia kazi za ndani Dar es Salaam. Bibi anaona ni neema. Tunamkatalia vipi mtu asiye na chakula?

Jibu: Marahaba dada. Swali hili ni zito kuliko yote, na kwa Makete na Mufindi si geni. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi, tena kazi nyepesi isiyomtoa shule. Huyu hajafika, na kazi ya kulala kwa watu mkoa mwingine si nyepesi. Lakini sheria pekee haitambadilisha bibi. Kaa naye, muulize kwa upole: alitegemea binti atume kiasi gani kwa mwezi? Mara nyingi ukikipiga hesabu ni madebe machache ya mahindi na sabuni. Kikundi kinaweza kulibeba hilo hadi mavuno, pamoja na sare na mchango wa chakula cha mchana shuleni. Ada shule za serikali haipo, lakini hivyo vingine vipo na ndivyo vinavyowatoa watoto shule. Sambamba na hayo, mtaarifu Afisa Ustawi leo hii, usisubiri kikao. Binti akishapanda basi ni vigumu kumpata. Namba ya bure ya huduma kwa watoto ni 116, hata wewe unaweza kupiga.

Mdau, Dar (mzaliwa wa Mafinga): Nina mabelo mawili ya mitumba, niyasafirishe?

Jibu: Kama ni masweta, makoti na mablanketi, yafike kabla ya Juni, wengine watakushukuru. Fulana na magauni mepesi uza hukohuko utume pesa kwa namba ya kikundi, siyo ya mtu binafsi. Na mkigawa mablanketi mtoe na onyo la jiko la mkaa: usiku wa baridi watu hulifungia ndani ya chumba walale nalo, na moshi wake usioonekana unaua familia nzima kimyakimya. Blanketi la ziada kwa mtoto linasaidia hapo pia: akipata joto, jiko linabaki nje.

Mdau, Ipogolo: Mfadhili anataka picha za walengwa wakipokea, la sivyo hatoi awamu ya pili.

Jibu: Mpe picha ya magunia, mzani, daftari la saini likiwa limefunikwa majina, na mikono ikipokea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda unapokataa kutoa sura na jina la mtu bila ridhaa yake, na kwa mtoto ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Ridhaa yenyewe usiiombe mtu akiwa ameshika debe lako mkononi, ataitikia chochote. Mwombe wiki mbili baadaye, nyumbani kwake, na umwambie picha itaenda wapi. Wapo watakaokubali kwa furaha. Mfadhili akishikilia sura za watoto wanaolia, mwache aende.