Kabla hujachomoa flashi, andika sync

Mnaosoma kompyuta hapa Kampala, jaribuni hili kwenye laptopu yenye Linux. Fungua terminali, andika grep Dirty /proc/meminfo. Nakili faili kubwa kwenye flashi, kisha rudia amri ile haraka. Namba itakuwa imepanda. Hizo ni kilobaiti ambazo mfumo endeshi umeshakwambia "tayari", kumbe bado ziko kwenye RAM.

Haukudanganyi bure. Flashi ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM, kwa hiyo kerneli (kiini cha mfumo endeshi) huikusanya data kwenye akiba yake na kuishusha baadaye. Kwa kawaida ile iliyokaa kama sekunde 30 ndiyo husukumwa. Ndiyo maana cp, amri ya kunakili, humaliza upesi, na ndiyo maana mtu anakimbia na flashi hadi Wandegeya kuchapisha ripoti, akifika anakuta faili tupu. Yalinikuta mimi, tena siku ya mwisho ya kukabidhi.

Andika sync, amri inayoshusha data iliyobaki kwenye RAM, ngoja imalize, ndipo uchomoe. Bora zaidi ni umount: inashusha data na kuufunga mfumo wa faili kwa pamoja.

Na wale wanaosema "mimi nina ext4, ina jarida lake", yaani mfumo wa faili wa Linux wenye daftari la kurekodi mabadiliko, sawa, ila kwa mpangilio wake wa kawaida jarida hilo huandika habari za mafaili tu, si yaliyomo ndani. Umeme ukikatika, diski itawaka vizuri kabisa, na aya zako tatu za mwisho hazitakuwepo.