Busta lini? Namna ya kumpima mwanao kabla hujamtoa kwenye kiti cha mikanda

Habari zenu wazazi. Mimi ni tekinishiani wa viti vya watoto vya gari hapa Houston, wale wenye cheti cha Safe Kids (shirika la usalama wa watoto) ambao mnatukuta kwenye pakingi tumepiga magoti ndani ya gari za watu, na wengi wanaonijia ni familia zetu za Kiswahili, Wakongo, Watanzania, Warundi, Wakenya. Swali linaloongoza kila siku ya ukaguzi ni "huyu si ameshafika busta?" na linaulizwa mtoto akiwa na miaka mitatu na nusu, busta yenyewe (kile kikalio cha kumnyanyua mtoto kwenye siti ya gari) ishanunuliwa, iko kwenye buti na nailoni yake, yaani mtu hajaja kuuliza, amekuja kuomba baraka tu.

Kabla ya kupima chochote elewa kitu kimoja. Busta haimshiki mtoto. Kinachomshika ni mkanda wa gari, ule uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, na busta kazi yake ni kumnyanyua ili mkanda upite panapotakiwa, chini kwenye mifupa ya nyonga na juu katikati ya bega. Kile kiti cha mikanda (chenye kamba zake za mabegani, kiunoni na katikati ya miguu) kinamshika mtoto hata akilala, hata akinuna, hata akitaka kumpiga dada yake. Kwenye busta inabidi ajishike mwenyewe, kwa kukaa sawa. Ndio maana sisi mafundi hatuna haraka, kila ukimpandisha hatua kuna ulinzi unaupunguza, na hamna zawadi ya kuwahi.

Hatua ya 1: soma lebo ya kiti alichonacho sasa

Sio cha jirani, hicho hicho chako. Geuza ubavuni utakuta kibandiko chenye uzito na urefu wa mwisho. Viti vingi vinavyouzwa sasa hivi Marekani mikanda yake inaenda mpaka paundi 65, ambazo ni kama kilo 29 na nusu, lakini vya zamani na vya bei ya chini kuna vinavyoishia 40, kwahiyo usikisie. Mtoto wa miaka mitano wengi wao hata 50 hawajafika. Hapo hapo angalia na tarehe ya kuisha muda, imepigwa chapa kwenye plastiki huko chini au nyuma. Kiti ulichopewa na mtu usiyejua kama kilishapata ajali, achana nacho, hata kama kinang'aa.

Hatua ya 2: mabega na masikio

Mkalishe kwenye kiti chake, mfunge. Kamba za mabegani kwa mtoto anayeangalia mbele zitoke usawa wa bega au juu yake kidogo. Kama umeshazipandisha mpaka tundu la mwisho na bega bado limezidi, kiti kimemwisha. Viti vingi pia vinakwambia ncha ya juu ya sikio isipite juu ya mgongo wa kiti. Uzito, bega, sikio, kimoja kikipita tu basi.

Miguu haimo. Nasema tena, miguu haimo! Mama mmoja alikuja na mkwewe, bibi wa Kigoma, mtoto ana miaka minne na paundi 41. Bibi ananionyesha magoti: "Mwanangu, huyu si mtoto tena, hiyo miguu huioni ilivyojikunja?" Nikamwambia bibi, shikamoo, miguu nimeiona, ila watoto wenyewe hawalalamiki, wanakunja nne au wanaining'iniza, na kinachotuumiza vichwa sisi ni kichwa na uti wa mgongo. Bibi akaguna. Mtoto kamba zake zilikuwa bado zina matundu mawili ya kupandisha, kiti chake kinaenda paundi 65. Alikuwa na miaka miwili mingine humo bila shida.

Hatua ya 3: vigezo vya chini vya busta

Busta nyingi hapa zinaanzia paundi 40 na miaka 4, zingine zinataka na urefu, imeandikwa kwenye busta yenyewe. Hiki ni kizingiti cha mlango tu, akikivuka haimaanishi ndio ahamie. Mimi ukiniuliza nasema subiri mitano, na nikiona mtoto wa sita bado anaenea kwenye mikanda nafurahi.

Na sheria: Texas inataka mtoto wa chini ya miaka 8 awe kwenye kiti chake, isipokuwa ameshazidi futi 4 na inchi 9, na inasema kitumike kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Maana yake mtoto wa paundi 35 ukimweka kwenye busta iliyoandikwa 40, askari akikusimamisha kisheria ni kama hujamfunga. Faini ni dola 25 mpaka 250. Mlioko majimbo mengine angalieni ya kwenu, hazifanani.

Hatua ya 4: mtihani wa kukaa

Hapa ndio watu wengi wanaruka na hapa ndio penyewe.

Nianze na langu. Binti yangu wa kwanza nilimpeleka busta alipotimiza miaka minne tu, kipindi hicho hata sijasomea hii kazi, mdogo wake alikuwa karibu kuzaliwa na mimi nilikitaka kile kiti nisinunue kingine. Siku moja tunarudi kutoka Galveston, jua kali, mtoto kachoka na maji ya bahari, niko kwenye barabara kuu ya I-45 natupa jicho kwenye kioo naona siti iko tupu. Moyo ulinipasuka. Kumbe kalala, kapinda mwili mzima kaangukia upande, kichwa kinakaribia goti, mkanda wa bega umebaki hewani unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nilitoka exiti iliyofuata, nikakaa pale kituo cha mafuta nimemshika tu. Wiki ile ile nikanunua kiti kingine cha mikanda, akakaa humo mwaka na nusu tena, na wala hakulia kama nilivyoogopa.

Sasa mtihani unafanywa hivi. Azima busta au weka ile uliyoinunua, gari ikiwa imesimama nyumbani, imezimwa, milango wazi kama ni joto. Mfunge, mpe maelekezo mara moja tu: mgongo nyuma, mkanda hauguswi. Halafu kaa naye dakika 20 hivi, ongea na simu, mpe mdoli, udondoke. Hapo kwenye mdoli ndio utajua. Mtoto ambaye hajawa tayari atateleza chini aufuate, mkanda wa kiunoni unapanda tumboni na wa bega unafika shingoni, na yeye haoni tatizo. Yule mjukuu wa bibi nilimfanyia hivi hivi, kigari chake kilianguka dakika ya tatu, dakika ya nne alikuwa ametoa mkono kauweka mkanda kwapani. Bibi mwenyewe ndio alisema mrudisheni.

Aliyekuwa tayari atakwambia "baba, gari yangu imeanguka" na atabaki amekaa. Sio lazima awe malaika, ila akikumbushwa mara moja itoshe.

Ukiona amefaulu nyumbani rudia mtihani mwisho wa siku akiwa amechoka na njaa, maana asubuhi kila mtoto ana adabu. Na kama mwanao ni wa kulala kila akipanda gari, huyo mwache kwenye mikanda mpaka kiti kimwishe kabisa kwa vipimo vya hatua ya pili, usimtafutie sababu.

Hatua ya 5: aina ya busta na gari yako

Ziko mbili, yenye mgongo na isiyo na mgongo. Isiyo na mgongo ni ya bei ndogo na inabebeka, ila inataka siti ya gari iwe na kiegemeo cha kichwa kinachofika juu ya masikio ya mtoto. Kama siti yako ya nyuma ni fupi, kama zile za katikati kwenye gari nyingi za zamani, chukua yenye mgongo. Yenye mgongo pia ina kitundu cha kupitishia mkanda wa bega unaokaa palepale, na ina vibawa vya kuegemea akisinzia, kwahiyo kwa mtoto anayeanza mimi napendekeza hiyo, isiyo na mgongo aingie akiwa mkubwa mkubwa.

Busta yoyote inahitaji mkanda wa kiunoni NA wa bega. Siti yenye mkanda wa kiunoni peke yake haifai busta, hata kwa safari ya kwenda kanisani tu pale. Kwa siti hiyo mtoto abaki kwenye kiti cha mikanda, kile kinafungwa kwa mkanda wa kiunoni bila tatizo.

Hatua ya 6: pima mkanda ukiwa mwilini

Mfunge kwenye busta, piga goti mbele yake uangalie. Wa kiunoni ulale juu ya mapaja unagusa nyonga, ukiona unapita kwenye kitovu haijakaa. Tumbo halina mfupa wa kuzuia kitu, gari ikigongwa mkanda unaingia kwenye utumbo, na mgongo unakunjwa hapo hapo. Wa bega upite katikati ya mtulinga, kati ya shingo na ncha ya bega, na ulale bapa kifuani. Ukikaa mbali na kifua, au ukiteleza nje ya bega, jaribu siti nyingine ya gari au busta nyingine. Busta ya dola 30 inaweza kukaa vizuri kwenye Corolla yako kuliko ya dola 150, inategemea vifungio viko wapi, ndio maana risiti usiitupe.

Koti zito lolote livuliwe. Houston tunacheka, ila ndugu zetu wa Minnesota mnajijua.

Hatua ya 7: kwa wenye watoto watatu nyuma

Hii ni sisi wengi. Busta ikiwa pana inakalia kifungio cha mkanda, mtoto anashindwa kujifunga, mkubwa wake anamfungia nusu nusu mnaondoka. Pima upana wa siti yako kwa futi ya fundi cherehani kabla hujaenda dukani. Kama lazima mmoja abaki kwenye mikanda kwa sababu nafasi ndio inavyoruhusu, abaki yule mdogo au yule mtundu, sio kwa kufuata umri tu. Na kama kiti cha mikanda umekifunga kwa vile vishikizo vya chini vya LATCH, soma kikomo chake: uzito wa mtoto ukijumlisha na wa kiti kwa kawaida usizidi paundi 65, ukizidi kifunge kwa mkanda wa gari, na ile kamba ya juu ya nyuma endelea kuitumia.

Busta ikibaki tupu ifunge mkanda. Ukipiga breki ya ghafla inaruka kama tofali.

Hatua ya 8: na kuitoa je?

Wengi wanatoa siku mtoto anatimiza 8 kwa sababu sheria imeachia. Mtoto wa miaka 8 wa kawaida bado ni mfupi. Mkanda wa mtu mzima huwa unaanza kukaa vizuri karibu na hizo futi 4 na inchi 9, sentimita 145, na wengi wanafika hapo kati ya miaka 8 na 12. Mkalishe bila busta: mgongo umegusa nyuma kabisa, magoti yanakunjika ukingoni mwa siti, wa kiunoni uko mapajani, wa bega uko katikati, na anaweza kubaki hivyo safari nzima. Moja ikikosekana, busta inarudi. Anaweza akafaulu kwenye Corolla akafeli kwenye vani ya shangazi, ni kawaida, kwa shangazi atumie busta. Na akae nyuma mpaka atimize 13.

Mnaosafiri nyumbani likizo: kwenye ndege busta haitumiki, siti ya ndege ina mkanda wa kiunoni tu, kwahiyo itie kwenye begi. Ukifika Dar au Nairobi ukakodi gari, panda nyuma wewe kwanza uvute kila mkanda. Gari nyingi ni za kutoka Japani na zinakuwa na mikanda mizima pembeni, ila ile siti ya kati kwenye za zamani unaweza kukuta kiunoni tu, na mara nyingine mikanda yote imefukiwa chini ya kava la siti, mwambie dereva alitoe kabla hamjatoka eapoti.