Kabla hujakaa mbele ya daktari mpya na insulini yako

Daktari aliyekuzoea akihamishwa, au wewe mwenyewe ukihamia mkoa mwingine, kinachopotea kwanza ni kumbukumbu. Yule wa zamani alijua kwamba dozi ya jioni ikipandishwa kidogo tu unaamka umelowa jasho. Alijua kwamba siku za shamba unachoma pungufu, na kwamba insulini ya mchanganyiko ilishajaribiwa ikakushinda. Huyu mpya anapewa daftari lenye kurasa mbili zilizoandikwa, foleni imefika mlangoni, na ana dakika chache za kuamua kuhusu insulini, dawa ya kisukari ambayo ikizidi inamwangusha mtu na ikipungua inamlaza wodini. Nimeishi na insulini tangu ujana wangu na nimepita mikononi mwa madaktari wengi, wengi wao wazuri. Ninaamini kabisa kwamba mvutano mwingi wa kliniki mpya unaweza kumalizwa kabla hujafika, kwa kuyaweka kwenye karatasi yale ambayo daktari wa zamani aliyabeba kichwani.

Anza na barua. Unapoaga kliniki ya zamani, usiridhike na rufaa yenye jina la ugonjwa na muhuri tu. Omba muhtasari: una kisukari cha aina gani, kiligunduliwa mwaka gani na kwa dalili zipi, unatumia insulini ipi na uniti ngapi kila wakati, majibu ya mwisho ya HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu) na ya figo yalikuwaje na ya tarehe gani, macho na miguu vilipimwa lini, dawa nyingine unazomeza, na kama umewahi kuzimia au kulazwa. Daktari akisema hana muda, mwombe sista wa kliniki muandike pamoja, kisha daktari asaini. Piga picha kila ukurasa wa daftari lako la kliniki kabla halijalowa au kubaki dirisha la mapokezi.

Katika yote hayo, aina ya kisukari ndiyo inayobeba maisha. Mwenye aina ya kwanza ana kongosho ambalo limeacha kutengeneza insulini, au linatengeneza kidogo mno. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa insulini kule Toronto, watoto wa aina hii waliwekwa kwenye mlo wa njaa na bado walikufa. Mwili huo haujabadilika hadi leo. Ukinyimwa insulini, damu hujaa ketoni, yaani asidi zinazotoka mwili unapoyeyusha mafuta yake, mtu anatapika, anahema kwa nguvu, na anaweza kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Sasa chukua mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, sukari yake asubuhi hiyo ni nzuri, anaingia kwa daktari asiyemjua. Wagonjwa wengi wa kisukari wa umri huo na kuendelea wana aina ya pili, ambayo mara nyingi huanza kutibiwa kwa vidonge, kwa hiyo ni rahisi kudhani huyu naye ni hao. Nimewahi kuambiwa, katika kliniki moja, kwamba sukari yangu imekaa vizuri kwa hiyo tuache sindano tuanze vidonge. Aliyesema hivyo alikuwa na nia njema kabisa, na kama nisingekuwa na barua mkononi ingekuwa neno langu dhidi ya lake. Hakikisha “aina ya kwanza” imeandikwa kwa maneno, juu kabisa, na iandike pia kwenye jalada la daftari kwa kalamu ya wino mzito. Kama aina yako haijawahi kuthibitishwa, hilo liwe swali lako la kwanza kwa daktari mpya, ukimweleza jinsi ugonjwa ulivyoanza: ulikonda ghafla? Ulilazwa? Uliwahi kukaa bila insulini, ikawaje?

Jina la insulini liandike kama lilivyo kwenye chupa. “Ile ya asubuhi” haimsaidii mtu. Actrapid, Insulatard na Mixtard hukaa kwenye friji moja na hufanya kazi tofauti kabisa: ya kwanza huanza baada ya kama nusu saa na kuisha baada ya saa chache, ya pili huenda taratibu nusu siku na zaidi, ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, sehemu 30 za haraka kwa 70 za taratibu, na huwezi kupandisha moja bila kupandisha nyingine. Leta chupa tupu au picha yake. Na neno “uniti” liandikwe lote. Herufi U iliyoandikwa haraka baada ya 4 imeshasomwa kama sifuri, na 4 ikawa 40. Ni kosa linalojulikana duniani kote. Angalia pia bomba la sindano. Insulini tunayopewa kwa kawaida ni ya uniti 100 kwa mililita, na bomba lake lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Yapo mabomba ya uniti 40, yenye kifuniko chekundu, na ukivuta nayo insulini ya 100 utachoma mara mbili na nusu ya dozi uliyoandikiwa. Mkoa mpya, duka jipya la dawa: soma kifuniko na maandishi ya bomba kabla ya kulipa.

Sasa namba, na hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako nyingi. Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari kwa mashine, ni ghali, najua, na watu wengi hupima asubuhi tu kabla ya chai kwa sababu ndicho kipimo ambacho kliniki hukiuliza. Kipimo cha asubuhi peke yake humdanganya daktari mpya kuliko kitu chochote. Tuseme wiki nzima umeamka na sukari ya juu, 13 (mmol/L). Inawezekana insulini ya jioni inaisha kabla ya alfajiri. Inawezekana ni homoni za mwili, ambazo kuelekea mapambazuko hupandisha sukari kwa watu wengi. Inawezekana ulikula wali saa nne usiku bila kuchoma vya kutosha. Inawezekana pia usiku wa manane sukari ilishuka, ukaamka unatetemeka, ukanywa uji wenye sukari, kisha ukalala. Namba ni ileile, tiba ni tofauti, na kwa huyu wa mwisho kupandisha dozi ya jioni ni hatari tupu. Daktari asiyekujua akiona 13 saba mfululizo atapandisha dozi ya jioni, na kwa karatasi aliyopewa hana kosa.

Kwa hiyo kama una stripu chache, katika wiki mbili kabla ya miadi zigawe kwa akili. Siku moja pima kabla ya chakula cha mchana na saa mbili baada yake. Siku nyingine fanya hivyo kwa chakula cha jioni. Chagua usiku mmoja au miwili uweke kengele ya saa tisa usiku, upime, urudi kulala. Pembeni ya kila namba andika uniti ulizochoma, ulichokula kwa kipimo chako cha nyumbani (sahani ya ugali iliyojaa, chapati mbili, ndizi tatu), na kama ulitembea sana, ulilima au ulikuwa na homa. Kila ulipojisikia umeshuka, andika hata kama hukupima: saa ngapi, ulihisi nini, ulitumia nini kujiinua. Angalia pia mashine yako inasoma kwa kipimo kipi. Nyingi huku husoma mmol/L, ambako chini ya 3.9 ni kushuka. Zinazosoma mg/dL zitaonyesha 70 kwa hali hiyohiyo. Kupata mg/dL, zidisha mmol/L kwa 18.

HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi miwili mitatu, ni kizuri lakini kina mpaka wake. Kama una siko seli, upungufu wa damu, au umeongezewa damu karibuni, jibu lake linaweza kupotosha. Mwambie daktari mapema, maana hali hizi kwetu si ngeni, na huenda atakutazama kwa namba za kidole zaidi.

Siku ya kliniki vaa nguo inayofunguka kirahisi tumboni na mapajani. Mwonyeshe unapochoma. Kuchoma mahali pamoja kwa muda mrefu huleta uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi, ambao hauumi, na ndiyo maana tunaupenda. Insulini ikiingia hapo hunyonywa hovyo, leo kidogo, kesho kwa kishindo. Daktari asipopapasa atadhani dozi ni ndogo. Na mkikubaliana uhamie ngozi nzima, uliza kama dozi ipunguzwe kwanza, kwa sababu uniti zilezile zitafanya kazi zaidi. Kama unaona haya, omba muuguzi wa jinsia yako akuangalie. Ombi hilo ni la kawaida.

Kuhusu namna ya kuzungumza. Katika kliniki zetu mgonjwa anayeeleza sana huweza kuitwa mjuaji, na akishaitwa hivyo hasikilizwi tena. Salimia, mpe karatasi kwanza aisome, kisha useme jambo moja lililokuleta. “Shikamoo dokta. Nina aina ya kwanza, nimehamia hapa. Shida yangu sasa ni kushuka usiku.” Akipendekeza dozi iliyowahi kukuangusha, mweleze tukio lenyewe: “Dokta, mara ya mwisho jioni ilipofika uniti 18 nilikutwa nimezimia alfajiri.” Tukio hupokelewa pale ambapo ubishi ungekataliwa. Na umpe nafasi pia. Daktari mpya huona kitu ambacho wewe na yule wa zamani mlikizoea mkaacha kukiona, na mabadiliko mengine yanastahili kujaribiwa wiki mbili kwa uaminifu, huku unaandika.

Kabla hujakubali badiliko, uwe na majibu ya mambo haya: linatibu nini, nitajuaje kwamba halifai, nirudi lini, na nikikwama Jumamosi usiku nimpigie nani. Omba kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukitolewa kwenye insulini ya taratibu ya mara mbili kwa siku ukapelekwa kwenye insulini iitwayo glagini, ya mara moja kwa siku, kwa kawaida huanzwa na kama asilimia 80 ya jumla ya zamani; ukiona umeandikiwa jumla yote, uliza kwa upole. Kuna mtego mwingine hapo. Wengi wetu tulifundishwa kwamba chupa safi kama maji ni ya haraka na yenye ukungu kama maziwa ni ya taratibu. Glagini ni ya taratibu na ni safi kama maji, na haichanganywi na nyingine kwenye bomba moja. Bandika karatasi ya rangi kwenye chupa siku hiyohiyo unayoipokea.

Uliza pia kuhusu siku za ugonjwa. Malaria ikikushika, unatapika, huli kitu, ufanye nini? Kwa aina ya kwanza insulini ya taratibu haiachwi hata usipokula, ingawa dozi inaweza kubadilika, na kipimo cha ketoni kikipatikana kitumike. Upate maelekezo hayo kwa maandishi, uwaonyeshe wa nyumbani. Kwa anayekusudia kufunga Ramadhani, nenda mapema, wiki sita hadi nane kabla. Kuna wanaoshauriwa wasifunge, na anayefunga anahitaji kupangiwa upya dozi za futari na daku, na kukubali tangu mwanzo kwamba sukari ikienda chini ya 3.9 au juu ya 16.6 anafungua.

Safari ya kuhama yenyewe: beba insulini ya kutosha angalau mwezi mzima, kwenye mkoba wa mkononi. Buti la basi huchemka. Isiguse barafu pia, kwani ikiganda imeharibika. Ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika kwa kawaida huvumilia wiki nne kwenye chumba kisicho na joto kali, na pasipo friji mtungi wa udongo wenye maji husaidia kweli. Kabla ya kuhama piga simu duka la dawa la hospitali mpya uulize wana insulini ipi, na kama bima yako inapokelewa pale. Mara nyingi insulini hubadilishwa kwa sababu tu stoo haina ile yako, na ni bora ulijue hilo ukiwa bado na akiba.

Mfukoni weka kadi: aina ya kwanza, insulini na dozi, namba ya ndugu. Na sukari ya vijiko vidogo vya chai vitatu au vinne kwenye kikaratasi, au hela ya soda. Ukishuka, kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Wafundishe unaoishi nao kwamba ukiwa huna fahamu wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali.

Mambo yakigoma kabisa, ukaona husikilizwi baada ya kujaribu kwa heshima, mwone sista msimamizi wa kliniki uombe siku ya daktari mwingine. Huhitaji kumsema mtu vibaya. Endelea na dozi iliyokuwa ikikushika salama mpaka umwone huyo mwingine.

Na kabla hujatoka chumbani, andika dozi mpya mwenyewe, kwa mkono wako, kisha msomee daktari kwa sauti: asubuhi insulini fulani uniti kadhaa, jioni fulani uniti kadhaa, narudi tarehe fulani. Akirekebisha, kata, andika upya, msomee tena.